Ndugu wa Maua Tasa

Mzee Tokuji alikuwa akiongea na maua, na majirani wa kichochoro chake pale Kumamoto, Japani, walishamzoea. Utamlaumu? Mkewe Fusae kaburini, mwanawe Shunsaku Tokyo, miaka hajakanyaga nyumbani. Upweke si mchezo, jamani.

Alichoachiwa ni asagao za Fusae, maua ya asubuhi yenye petali zilizochanikachanika kama manyoya ya kuku. Mazuri, lakini tasa! Hata uyabembeleze vipi, hayatoi mbegu. Mbegu hutoka kwa ndugu zao, waliozaliwa na mmea mmoja, wenye ua la kawaida tu. Jeni, zile chembe za urithi, hukaa mbili mbili, na baadhi ya ndugu hao wanayo moja ya manyoya, ila ile ya kawaida imeifunika. Kwa macho huwezi kuwajua. Mtoto wao akirithi mbili za manyoya, ndipo uzuri unapojitokeza. Kwa hiyo Tokuji aliwatunza wote, wenye sura na wasio na sura.

Baridi iliyopita panya walikula akiba ya mbegu. Chache zilizosalia alizipanda zote, ukoo mzima ukawa vyunguni uani.

Sikukuu ya Obon, ya kuwapokea marehemu, Shunsaku akaja! Mzee akatoka mbio kununua tikiti maji. Kurudi, uani kweupe, vimebaki vyungu vichache tu.

"Baba, ulikuwa unaishi msituni?" Shunsaku alicheka. "Vile vimaua vya ovyo nimeng'oa vyote, gari la taka limeshapita. Haya mazuri ya mama nimekubakizia."

Tokuji akalitua tikiti chini. Alitaka kufoka, mjinga wewe, umemzika mama yako mara ya pili! Lakini mwanawe alikuwa amepiga magoti, jasho likimtiririka, anayamwagilia huku anatabasamu.

"Umefanya kazi, mwanangu," alisema. "Njoo ule tikiti."

"Sikujua ni mazuri hivi. Sikiliza, baba, kila mwaka yakichanua nakuja, na wajukuu nawaleta. Usije ukaniambia umechoka kupanda!"

"Nichoke nina nini?"

Shunsaku akarudi Tokyo. Maua yakachanua kila asubuhi hadi vuli, yakanyauka bila mbegu hata moja. Siku moja simu ikalia.

"Baba, mbegu za mwakani umeshaweka?"

Mzee alitazama vyungu vitupu.

"Zipo, mwanangu," alisema. "Zipo nyingi tu."