Bibi Aliyepunguza Besi

Sinywi pombe, sivuti bangi, na siku ile nilikuwa nimeshiba ugali wangu vizuri. Natanguliza haya kwa sababu najua utakachosema ukifika katikati. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na gari lenyewe lipo. Ukibisha, panda Nyandira uliulizie.

Mimi ni fundi wa muziki wa magari hapa Morogoro mjini. Watu wanatoka Mikese, wanatoka Dumila, wanapita mafundi kumi njiani wanakuja kwangu. Sitaki kujisifu, lakini nikinyamaza nani atanisifu? Mtaji wangu si bisibisi, ni masikio. Spika ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto, mimi naujua kabla sijaifungua.

Basi Bwana Mkude, mnunuzi wa karoti na kabichi wa kule Nyandira, akaniletea Noah yake. Spika zilizokuja na gari zilikuwa zinakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikang'oa zote. Nikaweka spika mpya milangoni, twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, juu ya dashibodi, amplifaya chini ya kiti na sabufa nyuma. Halafu nikafanya kazi ninayoringia kuliko zote: nikavua milango, nikaibandika kwa ndani mpira mzito ili bati lisitetemeke na sauti isitoke. Nilipomaliza nikawasha muziki mpaka mwisho, nikashuka, nikafunga mlango. Niamini, ukisimama nje husikii kitu.

Gari nililipeleka mwenyewe, maana muziki wa gari haurekebishwi gereji, unarekebishwa barabarani. Nina ngoma moja niliyoirekodi kwenye harusi, naijua pigo kwa pigo, ndiyo ninayopimia. Nikaiweka, nikapita Mlali, nikaanza kupanda milima ya Mgeta. Ilikuwa kama saa tisa alasiri, ukungu unaanza kushuka.

Kwenye kona moja nikakuta msiba. Turubai la bluu, wanaume kwenye mabenchi, wanawake wamekaa mikekani. Unajua mwenyewe dereva anatakiwa afanye nini hapo. Mama yangu alinifundisha tangu sijajua hata kuendesha baiskeli: ukipita penye msiba zima redio, punguza mwendo. Nikapunguza mwendo. Mkono ukaenda kwenye kitufe. Lakini ngoma ndiyo kwanza ilikuwa inafika pale penye vishindo, mahali ninapopimia besi, na mimi nikajiambia: vioo nimefunga, milango nimeiziba kwa mikono yangu, nani atasikia? Heshima si ni kwa anayesikia?

Nikapita na muziki wangu. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikacheka peke yangu kwa kujiona mjanja.

Mbele kidogo bibi mmoja akanyoosha mkono. Hakubeba kitu, amejitanda khanga mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Nikasimama. Mzee wa watu na ukungu ule, ungemwacha?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nisogeze hapo mbele."

Akakaa kiti cha pembeni yangu. Nilitaka kupunguza sauti, akanizuia kwa mkono.

"Acha. Muziki wako mzuri. Tumeusikia tangu kule msibani."

"Hapana bibi," nikamwambia, tena kwa fahari. "Sauti ya gari hili haitoki nje. Milango nimeiziba mimi."

"Sisi wengine hatusikii kwa kupitia mlangoni." Akainamisha kichwa kama fundi. "Ila besi imezidi."

Sasa mimi niambiwe besi imezidi! Na bibi wa mlimani! Mbele ya Mungu, nilianza kubishana naye. Nikamweleza habari za amplifaya, nikamweleza habari za sabufa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole, akazungusha kitufe kidogo tu.

Ndugu yangu, sijapata kusikia kitu kama kile. Kila ngoma ilikaa mahali pake, mikono ya wapigaji naisikia ikigusa ngozi, na nyuma kabisa mwanamke anaimba. Mwanamke ambaye kwenye rekodi yangu hayumo. Nywele zilinisimama, lakini ufundi ni ugonjwa, nikaendelea kusikiliza.

"Sikio lako la kushoto ndilo linaloringa," akasema. "Nishushe hapa."

Nikasimama, nikavuta breki ya mkono. Nilipogeuka, kiti kitupu. Kumbuka, mlango ule una mpira wangu, ukifungwa lazima uusikie mgongoni. Haukufunguliwa, haukufungwa. Na pembeni ya barabara, pale pale aliposema nimshushe, palikuwa na kaburi, udongo bado mbichi, msalaba wa mbao na maua.

Niliogopa, sitakudanganya. Nikageuza gari, nikarudi msibani huku nimezima kila kitu. Mzee mmoja akanipokea, kaka wa marehemu. Akaniambia wamemzika dada yake kabla ya adhuhuri, wamemfunika khanga mpya. Alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye misiba yote ya vijiji vile; hakuna aliyezikwa bila sauti yake. Nikapiga goti, nikasimulia yote, nikaomba radhi.

Mzee hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Pole yako tumeipokea, baba. Lakini uliyemkosea si mimi, na mimi siwezi kusamehe kwa niaba yake."

Kesho yake asubuhi sikio la kushoto likawa halisikii besi. Maneno linasikia, ngoma hapana. Nimepimwa hospitali, hawakuona kasoro. Nami sikukaa kulia. Siku hizi besi naisikiliza kwa kiganja, nakiweka kwenye mlango wa gari, na kazi yangu bado hakuna wa kuigusa mji huu. Ile Noah sikuigusa tena, ipo vile vile alivyoiacha bibi. Nimenakili vipimo vyake kwenye magari mengine, havitoi sauti ile.

Nikadhani deni limeishia hapo. Mwaka uliofuata mama yangu akafariki.

Wanawake wa kwetu walimwimbia tangu alfajiri. Mama alikuwa anapenda nyimbo zile, na mimi mwanawe wa pekee nilikaa karibu ili nizisikie zote, niagane naye. Gari la kwanza likapita barabarani, vioo juu. Sikio lile bovu likafunguka, likajaa besi ya gari lile, nyimbo zikapotea zote. Nikamgusa shemeji yangu, nikamuuliza kama anasikia muziki. Akasema hasikii, gari limepita kimya. La pili, la tatu, hivyo hivyo. Mchuma janga hula na wa kwao. Mama ameingia kaburini nami sikusikia hata ubeti mmoja uliokamilika, kwa sababu ya watu wenye adabu zao waliofunga vioo.

Nililia siku ile kama mtoto, na kilichoniliza si kifo peke yake.

Basi wewe unayeendesha, kama una muziki mzuri hongera, na kama huna njoo nikufungie. Lakini ukiona turubai na watu wamekaa mikekani, zima. Usipunguze, zima. Usiniambie habari za vioo wala milango iliyozibwa, milango hiyo naiziba mimi na najua inazuia nini. Kuna mtu pale anaagana na mama yake, na huenda anakusikia.