Mikate Mia Nane ya Majaribio

Kazi ya Shangazi ukimweleza mtu asiyeijua, anaona unamtania. Anauza programu ya kompyuta inayoendesha kampuni nzima: stoo, manunuzi, uzalishaji, mauzo, magari, vyote ndani ya mfumo mmoja. Wa mauzo akigusa huku, wa stoo anaona kule. Na wala siyo shangazi wa mtu yeyote huko kazini. Wanamwita hivyo tu, kwa sababu ukikosea kuingiza kitu atakusema mpaka masikio yapate moto, halafu atavuta kiti akae na wewe mpaka ujue. Hata mlinzi wa getini, mtu mwenye wajukuu, anamwita hivyo hivyo.

Miaka kumi na nane yuko kampuni moja, ila kampuni yenyewe imebadilisha jina mara mbili. Alipoanza ilikuwa kampuni haswa. Ghorofa mbili, lifti, watu arobaini, zulia unaona aibu kulikanyaga. Wateja wanapanga foleni, wengine wanaambiwa rudini mwezi wa sita. Kumfungia mteja mfumo ilikuwa kazi ya mwaka mzima, na lazima anunue kompyuta kubwa kama kabati, iwekewe chumba chake chenye kiyoyozi, huku wafanyakazi wenyewe wanavuja jasho chumba cha pili. Shangazi akienda kwa mteja anapokelewa kama mama mkwe.

Halafu upepo ukageuka. Kuna vijana walikuwa wamejibanza nyuma ya duka la kinyozi, wakaja na mifumo ya mtandaoni. Huhitaji kabati, huhitaji mwaka. Unalipia kwa mwezi, unafungua hata kwenye simu ukiwa umejilaza. Wakubwa wa kampuni ya Shangazi wakacheka. "Hao? Hao ni moto wa mabua." Mabua yakaunguza nyumba. Kampuni ikanunuliwa na wengine, jina likabadilika; walionunua nao wakanunuliwa, jina likabadilika tena. Kila jina lilikuja na fulana zake. Shangazi anazo zote, ile ya kwanza anapigia deki. Ghorofa mbili zikawa moja, ile moja ikawa chumba kimoja juu ya fundi cherehani. Humo wamebaki wawili: Shangazi na mkurugenzi, ambaye siku hizi anachemsha chai mwenyewe na kuosha vikombe, na ukweli usemwe, chai anaiweza kuliko alivyouweza ukurugenzi.

Mteja mkubwa naye amebaki mmoja, kiwanda cha mikate. Hicho kikiondoka, chumba kinafungwa, na Shangazi anarudi nyumbani na fulana zake.

Sasa Jumatatu moja mwenye kiwanda akamwita. Ni mtu wa tumbo na vicheko, lakini kitu akikichoka amekichoka.

"Shangazi, sikufichi. Wale wa nyuma ya kinyozi wamekuja."

"Siku hizi wana jengo la vioo, bosi."

"Ndio hao hao. Nimewapa wiki wajaribu upande wa skonzi. Wewe baki na mikate. Ijumaa kila mtu anionyeshe alichonacho, nichague mmoja. Mimi nikitembea humu ndani nasikia simu tu. Naona kama watu wanafanya kazi kwa midomo, halafu jioni wanajaza mfumo wako ili nisigombe."

Shangazi hilo lilimchoma. Mfumo ukifanya kazi vizuri hauna kelele. Humwoneshi mtu kitu asichokiona.

Wale wa jengo la vioo walimleta kijana mmoja ambaye wanawake wa kufungasha mikate walimbatiza Mtanashati hata hajamaliza kuingia. Kompyuta nyembamba kama kaki, viatu vimechongoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo havikuumi?"

"Vinauma, ila ndiyo kazi."

"Pole. Kesho njoo na raba, humu tunatembea."

Jumanne mambo yakamharibikia Mtanashati. Pale kiwandani, hamira ikija haifiki stoo. Inashushwa kwenye gari, inapita moja kwa moja kwenye mashine ya kukandia, karatasi zinafuata baadaye. Ndiyo mazoea yao tangu enzi. Lakini mfumo wa Mtanashati ulikuwa hautaki: kitu kisichopokelewa stoo, hakipo.

"Hamira hii hapa, nimeishika!" mkandaji alipiga kelele.

"Kwenye mfumo haipo," Mtanashati akasema, jasho linamtiririka.

"Basi uambie mfumo wako uje uninuse mikono!"

Kufungasha kote kukaangua kicheko. Shangazi angeweza kucheka akaenda zake. Badala yake akamvuta kijana pembeni. "Wape kompyuta pale getini. Gari likisimama tu, wanaipokea hapo hapo. Sisi ilituchukua miezi mitatu kugundua." Mtanashati akafanya, skonzi zikatoka. Mkurugenzi aliposikia, nusura amwagikiwe na birika. "Unamsaidia adui?" Shangazi akamjibu kwamba mkandaji naye ana watoto, na unga haujui adui.

Ijumaa saa mbili asubuhi wakakaa ofisini kwa bosi. Shangazi akaanza. Wauza mifumo huwa na nakala pembeni, ya mazoezi, ambayo ukibofya chochote ni mchezo tu, hakuna kinachotokea. Kompyuta yake ikagoma kuwaka. Bosi akamsogezea ya kwake. "Tumia hii, tusipoteze muda."

Jambo la kwanza Shangazi analomfundisha kila mtu: kabla hujagusa, angalia juu ya skrini kama pameandikwa MAZOEZI. Ameliimba miaka kumi na nane. Siku hiyo, kwa kiherehere, hakuangalia.

Akaweka agizo la mfano. Mteja: dada yake. Miaka hiyo wakati wanafunga mfumo alihitaji mteja wa kujaribia, akamwingiza dada yake, mtaa mpaka rangi ya geti, na hakumfuta. Akaandika mikate mia nane.

"Ona, bosi. Stoo wametoa unga. Tanuri wamepokea. Gari limepangwa."

"Mbona kama kweli vile?"

"Ndiyo utamu wake."

Akafuata Mtanashati, na picha zake na rangi zake, akachukua muda, na kusema haki alipendeza. Shangazi akaona mkataba unaondoka. Wakanywa chai, wakaulizana maswali, wakala mchana hapo hapo. Ndipo simu ya Shangazi ikaita. Sauti ya dada yake haijawahi kuhitaji spika.

"We! Nani kafa?"

"Kafa wapi?"

"Nakuuliza wewe! Kuna gari la mikate mlangoni, dereva anasema mikate mia nane ni ya kwangu! Humu ndani tuko wawili, na shemeji yako hata mkate hali! Majirani wamejaa wanauliza harusi ni ya nani!"

Shangazi akageuza macho kwenye skrini ya bosi. Juu, peupe. Hakuna neno.

Akasimama. "Bosi, nimekosea mimi. Nilikuwa kwenye mfumo wa kweli. Mikate hiyo ni juu yangu."

Bosi akamwita wa stoo, akamwita wa tanuri.

"Nani kawaambia muoke mia nane ya ziada?"

"Kompyuta, bosi," akasema wa tanuri.

"Na wewe unga ulimpa kwa amri ya nani?"

"Si ilikuwa imeandikwa? Kuna kosa?"

"Mbona hamkunipigia?"

Wa tanuri akashangaa. "Tukupigie tukuambie nini? Kila kitu kilikuwa sawa. Zile simu unazosikia tangu Jumatatu ni za skonzi, na kabla ya hapo ni za wake zetu."

Tumbo la bosi likaanza kutikisika taratibu, halafu likashika kasi, akacheka mpaka akashikilia meza. "Mtu hajaagiza, hana habari, na mkate umemfikia mlangoni wa moto! Na mimi simu yangu imelala!" Akamgeukia Mtanashati. "Kwa mfumo wako ungefika?"

Kijana akajikuna. "Ungefika, bosi. Ila wangenipigia kwanza wote. Shangazi amekaa nao mmoja mmoja. Mimi nimekaa na kompyuta."

"Shangazi, mikate baki nayo, na skonzi chukua. Miaka mitatu. Leta mkataba kabla sijaacha kucheka."

Simu ikaita tena. Dada. "Imeisha! Nimewauzia hapa getini, dereva kashika hela zake. Kesho niletee mia, na usinicheleweshee wateja wangu!"

Shangazi akatoka nje kwenye kivuli cha gari la unga, akampigia mkurugenzi.

"Wamebaki?"

"Wamebaki. Mpaka na skonzi."

Huko upande wa pili kikasikika kikombe kinaanguka. "Uliwaonyesha nini?"

"Nimempelekea dada mikate."

Mkurugenzi akauliza, "Hiyo ni sehemu gani ya mfumo?"

"Yote," Shangazi akasema.