Mgombea na Darasa la Nne

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini hajazaliwa mgombea wa kunidanganya. Juzi huko Hadado wazazi tulikutana shuleni kuchagua mwakilishi wetu kwenye bodi. Mgombea, tajiri wa ngamia ambaye watoto wake wote wanasoma Nairobi, akajipiga kifua: "Hii shule iko moyoni yangu!"

Mama mmoja muuza maziwa akasimama. "Abti, mjomba, msichana yangu iko darasa la nne. Wanasomea wapi?"

Mgombea akanyoosha bakora kwenye chumba chenye rangi mpya. "Bale!"

"Wallahi, hiyo ni stoo ya mahindi. Darasa la nne wanasomea chini ya mgunga. Utawajengea?"

"Kaa chini, abaayo, dada yangu. Wazee wamesema kiti ni ya ukoo yetu."

Tukainua mikono. Wangu ulikuwa juu kuliko yote, kwa sababu mimi ni mrefu.

Baada ya kushinda, mheshimiwa akataka kivuli cha kulia mbuzi wa sherehe. Watoto wakafukuzwa kutoka chini ya mgunga, wakabeba madaftari yao juani. Hapo ndipo alipojua darasa la nne linasomea wapi.