Fundi rangi wa Izia anayetaka kujua kwanza nyumba ni ya nani

Saa mbili asubuhi, upepo wa Juni unakata mashavu na watu wa Izia, mjini Sumbawanga, bado wamejikunyata ndani ya makoti. Malimi Nestory amesimama mbele ya nyumba ya vyumba vitatu, mikono mifukoni. Ndoo ya rangi iko miguuni pake, haijafunguliwa. Anautazama ukuta jinsi baba yake alivyokuwa akitazama ng'ombe mnadani, akitafuta kidonda ambacho muuzaji hajakisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mbona huanzi?"

"Naanza. Nyumba hii ni ya nani?"

Mwenye nyumba, Winifrida, mjane anayeuza unga wa ulezi sokoni, anaacha kufagia. Anauegemea ufagio wake.

"Umekuja kupaka rangi au kugawa mirathi?"

"Nauliza tu, mama."

"Ni yangu. Aliijenga marehemu mume wangu, na matofali nilibeba mimi nikiwa na mimba ya huyu Faith. Inatosha?"

Haitoshi, lakini Malimi anainama, anachukua brashi ya waya na kuanza kukwangua rangi ya zamani. Magamba yanaanguka kama maganda ya kitunguu. Kila gari linapopita barabarani, Winifrida anageuka kutazama. Kila anapogeuka, Malimi naye anageuka.

Malimi ana miaka arobaini na mmoja. Amekulia Mtowisa, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako baba yake alihamia na mifugo kutoka Shinyanga. Ukame ulipolipunguza zizi, vijana wa boma lao walitawanyika, naye akapanda huku juu Ufipa kutafuta kibarua. Fundi mmoja mzee alimpa brashi.

"Rangi niliizoea kwa wiki moja," anasema. "Baridi ya Sumbawanga mpaka leo hatujazoeana."

Wateja wake ni watu wa nyumba ndogo na mfuko mdogo. Wengi wana uwezo wa ndoo moja tu, nao wanataka nyumba ipendeze kama ya jirani aliyetumia ndoo nne. Malimi hawakatishi tamaa. Anawaambia waache ubavuni na nyuma, waanze na uso wa nyumba.

"Mpita njia anaona vitu vitatu," anaeleza akiwa juu ya ngazi. "Anaona mlango, anaona madirisha, anaona ule ubao wa mbele ya paa tunaouita fisha bodi. Hivyo vitatu vikikolea rangi moja nzito, ukuta hata ukiwa wa chokaa unaheshimika."

Ukuta anaupiga chokaa kwanza, ili usiinywe rangi ya dukani yote. Ndoo anayonunua ni nyeupe, ambayo ndiyo ya bei nafuu, kisha anaikoleza mwenyewe mpaka iwe ya maziwa au ya udongo. Chini kabisa anapitisha mkanda wa rangi ya mafuta, ya kahawia, maana mvua za Ufipa hurusha tope jekundu mpaka magotini mwa nyumba. Mwezi mzuri wa kiangazi humwingizia kama laki mbili na nusu. Masika kuta hazikauki, anarudi kulima mahindi.

Ndoo huifungua mbele ya mteja, na maji huyatia mteja akiona. Amechoka kusikia kwamba mafundi rangi wote ni wezi.

"Mteja ananishuku mimi, sikatai," anasema. "Lakini na mimi namshuku mteja. Hilo hawalijui."

Shaka hiyo ina chanzo. Miaka michache iliyopita kijana mmoja aitwaye Isdori alimwita kupaka uso wa nyumba mtaa mwingine wa mjini. Alikuwa na haraka, na hakubishana bei. Malimi alifurahi, akafanya kazi ya kuonewa wivu, mlango akaupaka bluu.

Nyumba haikuwa ya Isdori. Ilikuwa ya mama yake, Evodia, aliyekuwa ameenda kijijini Kaoze kuvuna shamba lake. Isdori alimwonyesha mfanyabiashara mmoja ile nyumba inayong'aa, akapokea malipo ya awali ya kuinunua, akatokomea. Mama aliporudi na magunia yake alikuta mtu mgeni amekaa kizingitini.

Polisi walimkamata wa karibu kuliko wote, naye alikuwa fundi rangi. Alilala mahabusu usiku mmoja, akahojiwa, akaachiwa. Anachokumbuka zaidi ni maneno ya yule mama nje ya kituo.

"Aliniambia, 'Wewe ndiye uliyeipamba nyumba yangu kama bibi harusi, ukamkabidhi mwizi.' Nikamwambia pole, shikamoo, nikaondoka."

Nyumba ilirudi kwa mwenyewe. Mwana hajarudi mpaka leo.

Tangu hapo Malimi hapaki ukuta bila kupeleleza. Humtazama anayeshika funguo. Husikiliza watoto wanamwitaje mwenye nyumba. Na mteja akimwambia "harakisha", huuliza kuna haraka gani.

Winifrida amemwambia "harakisha" mara nne siku ya kwanza. Anataka uso wa nyumba tu, na uwe umekwisha kabla ya Jumamosi. Malimi alipouliza Jumamosi kuna nini, mama alimjibu kwa swali: "Kwani rangi inakauka kwa habari?"

Siku ya pili alikuja mwanamume mmoja wa makamo, koti jeusi, viatu vimepigwa kiwi. Hakumsalimia fundi. Aliingia sebuleni, akapiga hatua kutoka ukuta mpaka ukuta, midomo ikicheza kama anayehesabu. Kisha yeye na Winifrida wakasimama nyuma ya nyumba wakinong'ona. Malimi, akiwa dirishani na brashi yake, aliambulia maneno mawili: "watatosha" na "asijue".

"Nikasema basi, ni Isdori mwingine, ila huyu kavaa kitenge," anasimulia. "Yule ni mnunuzi, anapima chumba. Na asiyetakiwa kujua ni mwenye mali."

Angeweza kumuuliza Winifrida ana kwa ana. Hakufanya hivyo. Mchana alivuka barabara kwa muuza mkaa, akajifanya ananunua wa kupikia, akauliza kana kwamba ni jambo dogo: "Huyu mama anahama?"

Muuza mkaa alisema hajui. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na swali la namna hiyo halikai chini. Kufikia jioni lilikuwa limevuliwa alama ya kuuliza. Winifrida anahama. Winifrida anauza. Winifrida ameshachukua hela.

Kesho yake, saa nne asubuhi, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Akashuka Felisian, mdogo wa marehemu mume wa Winifrida, mkulima wa kijiji cha jirani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shuka kwenye ngazi," alimwambia Malimi, bila salamu.

"Karibu, mzee. Rangi mbichi hiyo, angalia—"

Felisian alikuwa ameshaweka kiganja ukutani, vidole vitano vikabaki kwenye rangi ya maziwa.

"Nyumba ya kaka yangu inapakwa poda ili iuzwe, nami naambiwa angalia rangi? Wewe mtu wa bondeni, umeahidiwa nini humu? Fungu, au mjane mwenyewe?"

Winifrida alitoka na mikono yenye unga. Alipomwona shemeji yake, alitazama kwanza barabarani, kisha mlangoni, alikokuwa amesimama binti yake Faith.

"Shemeji, nani kakuita?"

"Hukutaka niitwe. Ndiyo maana nimekuja."

Majirani wakasogea, wengine wakijidai wanapita. Sauti zilipopanda, mtu akamfuata mwenyekiti wa mtaa, naye akawakalisha wote kwenye benchi chini ya dirisha lililopakwa nusu. Felisian akadai mnunuzi atajwe. Winifrida akasema hakuna mnunuzi. Felisian akauliza, basi yule wa koti jeusi aliyepima sebule ni nani?

Aliyejibu ni Faith, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Ni mshenga, baba mdogo. Alikuwa anaangalia kama wageni watatosha. Jumamosi wanakuja kuniposa."

Hapo, anasema Malimi, alitamani ardhi ya Izia ipasuke.

Kisa kizima kikamwagika pale kwenye benchi. Mwaka juzi Faith aliwahi kuchumbiwa. Felisian, kama baba mdogo, aliketi na wageni, akataja ng'ombe wengi kuliko uwezo wao, na alipoombwa apunguze akaongeza. Wageni waliaga kwa adabu, hawakuonekana tena. Safari hii Winifrida aliapa shemeji yake atasikia wageni wakishakuja na kuondoka. Aliweka akiba ya hela za unga kidogo kidogo akanunua ndoo ile moja, kwa sababu wachumba wa kwanza, kabla hawajakimbizwa na ng'ombe, walikuwa wamenong'ona kuhusu ukuta uliobambuka.

"Nilitaka wafike mahali panapofanana na watu," alimwambia mwenyekiti. "Hilo tu."

Felisian naye hakuwa wa jiwe. "Mtoto wa kaka yangu anaposwa," alisema, sauti imeshuka, "nami nasikia kwa muuza mkaa kwamba nyumba inauzwa. Mimi ni nani kwenu?"

Mwenyekiti akauliza uvumi wa kuuza umetoka wapi. Majirani wakatazamana. Muuza mkaa akatazama viatu vyake.

Malimi alikuwa amesimama pembeni, brashi inamkaukia mkononi. Anasema alifikiria kuondoka. Ngazi ni yake, ndoo si yake, pikipiki za abiria zilikuwa pale pale.

"Mdomo ni wangu," akasema. "Mama hajauza kitu. Mimi ndiye niliyeuliza kama anahama. Niliona yule mzee anapima chumba, nikakumbuka yaliyonipata, nikamdhania vibaya."

Winifrida alimgeukia.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nilikwambia nyumba ni yangu. Nilikwambia na matofali nilibeba. Ulitaka nikuapie kwa nini?"

Mama akainuka, akajipangusa unga kwenye kitenge. "Maliza ukuta," akasema, "halafu uende."

Alimaliza. Alipaka upya pale kiganja cha Felisian kilipokaa, mara mbili, maana jasho na vumbi vilikuwa vimeingia kwenye rangi. Mlango akaupa kahawia iliyoiva, fisha bodi vivyo hivyo, madirisha akayazungushia nyeupe. Rangi kidogo ikabaki ndani ya ndoo. Ijumaa mchana, bila kuagizwa, akaanza kuipaka kwenye ubavu unaotazama barabara.

"Huo ukuta sikukutuma," Winifrida alimwambia kutoka mlangoni. "Usije ukanidai."

"Sidai, mama."

"Tutaona."

Jumamosi wageni walikuja. Felisian alikuwepo, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, na mwenyekiti wa mtaa akaketi karibu naye kwa ombi la Winifrida. Posa ilipokelewa. Habari ya mahari ikaahirishwa mpaka mavuno yaingie ghalani, jambo ambalo kila upande unalitafsiri kivyake. Felisian anasema alinyamaza kwa heshima. Winifrida anasema alinyamaza kwa sababu mwenyekiti alikuwa anamwangalia.

"Nitaamini padre akishatangaza ndoa kanisani mara tatu," anasema mama huyo. "Kabla ya hapo simwamini shemeji, simwamini muuza mkaa." Anautazama ubavu wa nyumba, uliopakwa vizuri bila kudaiwa mpaka leo. "Na huyo fundi wenu bado namchunguza."

Mama wa mchumba, akiaga, aliusifia mlango. Winifrida amelirudia neno hilo sokoni kwa watu wengi, lakini jina la fundi halitaji.

Malimi hajaacha kuuliza nyumba ni ya nani. Anasema haachi, kwa sababu akina Isdori hawajaisha mjini. Kilichobadilika ni mahali anapouliza. Akiwa na shaka humwendea mwenye nyumba mwenyewe, wakiwa wawili, na akiambiwa jambo asilolielewa, hukaa nalo moyoni au huikataa kazi. Tangu Juni amekataa mbili. Moja hajui mpaka leo kama alikosea.

Anachokitamani sasa ni kibanda cha kuuza rangi kwa kopo, jinsi watu wanavyonunua mafuta ya kula kwa kipimo. Mwenye mlango mmoja anunue rangi ya mlango mmoja, asilazimike kusubiri mpaka apate hela ya ndoo. Sehemu ameiona, pembeni mwa barabara ya kwenda mashambani, na mbao za kuanzia anazo. Anatarajia kufungua mvua zikikatika mwakani, watu wanapoanza kuzitazama kuta zao.

Mkewe, Monika, anachambua maharage kwenye ungo wakati mumewe akiyasema hayo. Anamuunga mkono kwa vitendo, kwa kuwa ndiye atakayekaa kibandani mumewe akiwa kwenye ngazi. Lakini ana wasiwasi wake.

"Mtu atakuja anataka kopo moja la kijani," anasema. "Wewe utampimia, au utamhoji kwanza?"

"Nitamuuliza kitu kimoja tu. Ukuta wake una ukubwa gani."

Monika anachagua jiwe kwenye maharage, analitupa uani.

"Humo kibandani nitauza mimi," anasema.