Kibali cha Chumba cha Mama

Kwa miaka tisa sasa naishi kwa kutoa kopi karatasi za watu. Duka langu la steshenari liko hatua chache kutoka stendi ya Korogwe, na fomu za kuomba kibali cha ujenzi nimezitoa kopi hadi nimezichoka. Nilizipanga, nikazibana pini, nikamkabidhi mwenyewe na kumtakia kila la heri. Kuisoma hata moja, sikuwahi. Nilipoamua kuongeza chumba nyumbani kwangu nilijiona mjuzi wa mambo hayo, sikumuuliza mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama. Nilimtoa kijijini Handeni baada ya yeye kuteleza njia ya kisimani na kukaa chini karibu asubuhi nzima bila mtu wa kumwinua. Kwangu alilala chumba kimoja na binti zangu wawili. Hakulalamika hata siku moja, lakini nguo zake hakuzitoa begini moja kwa moja. Asubuhi anatoa khanga, jioni anairudisha, anafunga zipu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

"Mimi mgeni hapa, mwanangu. Vuli ikianza narudi kulima."

Arudi kulima na mguu anauburuta! Niliogopa. Na mimi nikiogopa huwa nakasirika, basi nikamkasirikia fundi, nikamwambia kesho asubuhi awe kwangu na sururu. Nilitaka chumba kibanane na sebule, upande wa ua wa minyaa unaotutenga na jirani, na mlango wake ufungukie sebuleni ili nimwone mama anapotoka na anapoingia. Ramani ilikuwa kichwani mwangu, na niliiona nzuri sana.

Siku ya pili ya kuchimba msingi akapita mtendaji wa mtaa. Alisimama, akautazama mtaro, akautazama ua, akanisalimia vizuri tu.

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini? Kiwanja changu, tofali zangu, mama yangu."

"Mama ni wako kweli," akasema. "Msingi simamisha mpaka upate kibali."

Niligeuka kumtazama fundi anitetee. Fundi alikuwa ameshaanza kusafisha sururu yake.

Halmashauri nilikwenda nimevimba. Kwenye kaunta ya ujenzi nilimkuta dada mmoja mwenye miwani, mpole, ambaye alinisikiliza nikifoka hadi nikaishiwa maneno, kisha akanisogezea fomu. Pembeni ya ile fomu kulikuwa na mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Nikautambua. Ni mashine yangu inayochora mstari ule, na wateja wamenilalamikia mara ngapi.

"Hii kopi ni ya dukani kwangu," nikasema.

"Basi unaifahamu," akajibu.

Ilibidi nicheke. Nikavuta kiti, nikaisoma fomu yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Dada akanieleza kilichotakiwa: ramani iliyochorwa na mtu anayejua, nakala ya hati ya kiwanja, barua ya mtaa, halafu wataalamu waje kuona eneo. Akaongeza kwamba chumba hakiruhusiwi kugusana na ua. Nilipomuuliza kwa nini, hakunitajia sheria kwanza. Aliniuliza maji ya paa langu yatamwagikia kwa nani. Aliniuliza jiko la jirani likishika moto, watu watapita wapi na ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na sheria, lakini kwa ndoo na maji ya paa nilikubali kushindwa. Nilirudi nyumbani nimenywea, na mchora ramani nikampata wiki hiyo hiyo. Alinichorea vilevile nilivyotaka, akikisogeza chumba kidogo tu kutoka kwenye ua, ila akaniandikia kwa penseli pembeni kwamba umbali wa kutoka mpakani utategemea wapimaji.

Siku ya ukaguzi walikuja wawili, yule dada na mpima ardhi kijana mwenye futi ya kuvuta. Mpima alitaka aone bikoni, yale mawe ya zege yanayozikwa kwenye kona za kiwanja. Tatu akaziona. Ya nne, ile ya kona ya ua, haikuwepo. Alizunguka, akafukua majani kwa mguu, akarudi. Akaniambia kung'oa bikoni ni kosa kubwa, na bila bikoni hawezi kupima, na bila kupima hakuna kibali. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Usambara, na mama alikuwa ameshauliza mara mbili basi la Handeni linaondoka saa ngapi.

Mama wakati huo alikuwa uani anapika makande. Hapendi jiko la gesi, anasema linamharakisha. Mpima akamwendea kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mnatafuta nini?"

"Jiwe, bibi. Jiwe la zege, refu kidogo, lina namba juu."

Mama akaacha kukoroga. Akachungulia chini ya sufuria. "Lenye namba?"

Sote tukainama. Chini ya sufuria palikuwa na mafiga matatu. Mawili yalikuwa mawe ya kawaida. La tatu, jeusi kwa masizi, lilikuwa bikoni ya serikali.

"Hilo ndilo linalokaa vizuri," mama akajitetea. "Haya mengine yanayumba."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, nikasema mzee huyu ametoka kijijini, huko mpaka ni mstari wa mkonge, hajui. Mama akanikatiza. "Najua nilipolitoa. Lilinizuia kupanda boga, nikalitoa, shimo nikapandia boga." Akasimama, akatuongoza akichechemea mpaka kona ya ua, akafunua majani mapana ya boga. Mpima akachimba kidogo pembeni, akagusa chuma kinachozikwa chini ya bikoni, bado kimesimama ardhini. Akavuta futi kutoka zile bikoni nyingine tatu, akahesabu, akahesabu tena. Shimo la boga lilikuwa mahali penyewe kabisa.

Alicheka hadi akajifuta macho. Akasema atarudi na vifaa kuirudisha ile bikoni rasmi, na akamwomba bibi kwa heshima zote atafute figa lingine. Ila kwa msingi wangu hakucheka. Mtaro ulikuwa karibu mno na mpaka. Chumba hakingeweza kukaa pale, labda kihamie nyuma, kwenye kona ya stoo, kando ya njia ya mtaa. Mlango wa sebuleni, basi, haupo tena.

Yule dada akafungua ramani juu ya mkeka ili airekebishe, akamgeukia mama. Akamwuliza, "Bibi, mlango wako unataka uelekee wapi?"

Mama aliitazama ramani muda mrefu. Nilimwelekeza kwa kidole: hapa sebule, hapa chumba, hapa mlango ulipopaswa kuwa. Akaniangalia usoni.

"Nikitaka kutoka nje, nipite kwako?"

Nikakiondoa kidole kwenye ramani. Miezi minne yuko kwangu, nimeshazungumza na fundi, na mtendaji, na mchora ramani, nimegombana na kila mtu kwa ajili ya chumba chake. Yeye sikumuuliza hata mara moja. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya bikoni.

"Uelekee njiani," mama akamwambia dada. "Niwaone watu wanaopita, wanisalimie."

Dada akachora mlango kwa penseli, mama akautazama, akaguna kuridhika, akarudi kwenye makande yake. Wageni hawakuondoka bila kula.

Kibali kilitoka, nikakisoma chote, mpaka maandishi madogo ya chini. Fundi alifanya kazi kwa kasi ambayo sikumjua nayo, na plasta ilikuwa bado mbichi mama alipohamia. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha asubuhi moja ya wiki ile. Nilisikia matone kwenye bati nikaamka mbio, nimejaa wasiwasi, kwa sababu hiyo ndiyo mvua aliyosema ataondoka nayo. Nikamimina chai, nikavuka uwanja wa nyuma nikilowa, nikausukuma mlango wake kama nilivyozoea kusukuma milango yote ya nyumba yangu.

Haukufunguka. Alikuwa ameufunga kwa komeo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Hodi hujapiga."

Nilisimama mvuani na kikombe changu, mwenye nyumba mzima, na furaha imenijaa.

"Hodi, mama."

"Subiri, navaa."

Nikasubiri. Chai iliingia maji. Kisha nikasikia komeo linavutwa.

"Karibu," akasema. "Karibu kwangu."