Mama Yumo Edani

Masika haya, tulipokuwa tukipanga misaada ya waliokumbwa na mafuriko Mpendae, nilifungua robota la mablanketi. Harufu kali ya sufu mpya ilinirudisha utotoni, kwenye foleni ya uwanja wa skuli.

Mafuriko yalikuwa yamemchukua baba, na mdogo wangu alikuwa akitetemeka kwa homa ya kifua. Mama alinituma nikamwombee blanketi.

"Shikamoo," nilimwambia mgawaji, bwana mgeni kisiwani.

"Marahaba. Mwenye nyumba aje mwenyewe."

"Baba kafa."

"Pole. Basi aje mama."

"Mama yumo edani."

"Edani ni mbali? Akirudi, mwambie aje."

Foleni nzima iliangua kicheko. "Bwana we," alisema jirani yetu, "edani si safari! Kafiwa na mumewe, hatoki nje mpaka eda iishe."

"Amri ndiyo hiyo, bibi. Anayefuata!"

Nyumbani mama aliniuliza, "Wamekupa?"

"Wamesema ukirudi uende mwenyewe."

Nilipomweleza alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akajivua shuka nyeupe aliyojitanda, akamfunika mtoto. Shuka ilikuwa bado mbichi, maana hapakuwa na jua la kuianikia.

Kabla eda haijaisha, tulimzika mdogo wangu pia.

Wiki chache baada ya kulifungua robota lile, niliwaandikia wakuu wangu barua, nikaomba mwenye eda apelekewe msaada mlangoni kwake, kabla foleni haijaanza.