Mipasuo ya Koti la Mfalme

Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani mjini Morogoro, barazani pa duka la Mhindi, enzi za Wajerumani. Jumatatu, tarehe tatu ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka wa pili kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza (tarehe nilizihifadhi kichwani miaka mingi kabla sijajua kuandika), padri wa Kifaransa kutoka misheni alimletea mahameli nyekundu na kitabu chenye picha. Wanafunzi wake wangeigiza habari za mfalme wa Ufaransa ya kale, naye alitaka mavazi kama ya pichani. Yakimpendeza, kanzu za shule nzima zingeshonwa na mume wangu. Yasipompendeza, zingekwenda kwa fundi wa baraza ya pili.

Picha yenyewe ilikuwa kioja. Shingoni mlikuwa na ukosi wa mikunjo, mpana kama sinia. Tuliukaza kwa uji wa muhogo. Suruali iliishia juu ya magoti, imevimba kama maboga mawili; tuliijaza sufi. Fundi wa baraza ya pili alipita, akaitazama, akauliza kwa upole, "Fundi mwenzangu, hiyo unamvalisha mtu au unamlalisha?"

Mikono ya koti ilikuwa imepasuliwa-pasuliwa, kitambaa cheupe cha bafta kikichungulia kwa ndani. Mume wangu alikata shauri kwamba yule bwana amechorwa akitoka vitani. Kwa kuwa fundi mwenye heshima hamkabidhi mteja nguo iliyochanika, aliishona mikono mizima, bila mpasuo, akaona amemfanyia padri hisani.

Alhamisi padri alikuja kutazama, akacheka hadi akavua miwani. Alitueleza kwamba wakuu wa zama zile walipasua mahameli yao kwa makusudi, ili watu wajue kuwa ndani mna kitambaa kingine kizuri. Jumamosi angeifuata nguo, ikiwa na mipasuo yake.

Mume wangu alishika mkasi, akauweka chini. Mahameli ikikatwa hufumuka nyuzi. Siku ya mchezo mfalme angebaki na matambara.

"Nipe mimi," nikamwambia. "Kofia yako imejaa vitobo, na hakuna kimoja kilichofumuka."

"Kofia ni kofia. Hili ni koti la mfalme."

"Kofia ile nilimshonea mume wangu. Huyo mfalme simjui."

Akanipa. Ijumaa kutwa nilipasua mpasuo mmoja mmoja, nikauzungushia uzi wa hariri kama tunavyozungushia vitobo vya kofia, kisha nikatia bafta kwa ndani, nikaivuta ichungulie. Mipasuo ishirini na minne.

Jumamosi padri alipitisha kidole katika kila mpasuo, akauliza ni nani aliyeijua kazi hiyo. Baraza zote mbili zilijaa watu. Mume wangu angeweza kunyamaza.

"Mke wangu," alisema. "Mimi nilishindwa."

Kazi ya kanzu tulipewa. Na Jumatatu, tarehe kumi, fundi wa baraza ya pili alimtuma mkewe kwangu, jogoo kwapani, ajifunze kuzungushia mipasuo. Nilimfundisha kwa moyo mweupe, karibu yote.